Mtembea kwa Miguu Barazani: Kutoka Wote hadi Kitui

Ukiingia Wote asubuhi kwa barabara ya Emali, utawakuta watembeaji kabla hujaliona ghorofa la kwanza. Wanafunzi wanafuatana ukingoni mwa lami, soksi zimeshika vumbi jekundu. Mama ana kiondo mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, na mkononi ana simu. Mzee anasukuma baiskeli iliyofungiwa mitungi minne ya maji. Baiskeli hiyo haipandwi, kazi yake ni kubeba maji tu. Bodaboda zinawapita karibu kuwagusa. Lami ni ya magari. Kando yake pana changarawe, kisha mtaro, kisha ua wa mtu, na anayekwenda kwa miguu hujitafutia mwenyewe pa kukanyaga.

Katikati ya mji hali inabadilika. Sehemu za mtaa zimetandikwa matofali ya kabro, taa za mulika mwizi zimesimama juu kuliko paa za maduka, na ipo bustani ya umma yenye nyasi na vijia, ambapo mtu anaweza kukaa bila kuulizwa ananunua nini. Ni nani aliyeamua kwamba kabro ianze hapa na si pale? Bustani ilipewa kiwanja hiki kwa sauti ya nani? Maswali hayo ndiyo yaliyonileta Ukambani, nchi ya Wakamba, kwa sababu Katiba ya Kenya ya 2010 inasema jibu liwe ni la wananchi wenyewe. Kifungu cha 10 kinahesabu ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, cha 174 kinaipa jamii haki ya kusimamia mambo yake, na cha 196 kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi zake hadharani na kuwashirikisha watu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, sehemu ya 115, imekaza fundo: katika upangaji wa maendeleo ya kaunti, kushirikisha umma ni lazima.

Kaunti ya Makueni, ambayo makao yake makuu ni Wote, ina jina katika jambo hili. Gavana wake wa kwanza, Kivutha Kibwana, ni profesa wa sheria aliyekuwa miongoni mwa wapiganiaji wa katiba mpya, na aliongoza kaunti kuanzia 2013 hadi 2022. Chini yake mikutano haikuishia makao makuu. Ilianzia vijijini, na vijiji hivyo ni zaidi ya 3,000. Ikapanda hadi vikundi vya vijiji, wadi ndogo 60, wadi 30, kaunti ndogo 6, na mwisho jukwaa la wananchi wa kaunti nzima. Kila ngazi huchagua kamati yake, na kamati hiyo hubeba mapendekezo kwenda juu. Wajumbe kutoka kaunti nyingine wamekuwa wakifika Wote kuangalia mpango huo unavyofanya kazi, na Benki ya Dunia imeuandikia ripoti.

Lakini sifa hiyo haikupatikana kwa amani. Miaka ya mwanzo gavana na wawakilishi wa wadi walivutana kuhusu bajeti hadi shughuli zikakwama, na Septemba 2014 risasi zikafyatuliwa Wote katika mzozo huo na watu wakajeruhiwa. Wananchi wakatia sahihi ombi la kutaka kaunti yao ivunjwe. Tume iliyoongozwa na wakili Mohammed Nyaoga ikawasikiliza, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Rais Uhuru Kenyatta akakataa mwaka 2015. Watu wa Wote wakilikumbuka hilo hulitaja kwa ufupi, kwamba viongozi walipogombana, mwananchi ndiye aliyeandika barua. Huenda kushirikishwa kulitia mizizi hapa kwa sababu watu walishaona gharama ya kutoshirikishwa.

Baraza nililohudhuria lilikuwa la wadi ndogo, nje kidogo ya mji, katika uwanja wenye miembe. Hema moja la bluu, viti vya plastiki, meza yenye kitambaa, na karatasi ya mahudhurio inayozunguka pamoja na kalamu iliyofungwa uzi ili isipotee. Wengi walifika kwa miguu. Waliokaa mbali walifika wakati sala ya kufungua imeshaombwa, wakapenya nyuma wakiwa wameshika viatu, wanakung'uta vumbi. Afisa wa kaunti alieleza kwa Kiswahili, msaidizi wake akarudia kwa Kikamba, na kila takwimu ya shilingi ilipotajwa, mwalimu mmoja mstaafu aliyeketi mbele yangu aliiandika kiganjani kwanza, kisha akahamishia daftarini.

Kazi ya siku hiyo ilikuwa kupanga miradi kwa uzito wake, ule wa kwanza hadi wa mwisho. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini njia ya miguu haifiki mbali. Kisima kilitajwa, mikono ikapanda. Bwawa la mchanga likatajwa, mikono ikapanda tena. Zahanati, madarasa ya chekechea, dawa ya mifugo. Kisha mama mmoja akasimama, mwenyekiti akamwambia, "Mwaitu, sema," yaani mama, sema. Akaomba matuta na kivuko cha watoto mbele ya shule, na njia ya kutembelea kutoka shuleni hadi sokoni, maana watoto wa darasa la kwanza wanapishana na malori ya mchanga. Hakuna aliyempinga. Watu walitikisa vichwa kwa kukubali. Lakini ilipofika wakati wa kuhesabu, ombi lake likaangukia karibu na mkia wa orodha, na mzee mmoja akamfariji kwa ukweli usio na chumvi: lami hainyweki.

Huwezi kumlaumu mzee huyo. Makueni ni nchi ya ukame, na mama huyohuyo aliyeomba kivuko ndiye atakayebeba mtungi jioni. Anapolazimishwa kuchagua kati ya maji na usalama wa njia ya kuyaendea, atachagua maji kila mara. Kosa ni la mpangilio unaoweka vitu hivyo viwili katika orodha moja na kuviita washindani. Njia ya miguu haiombi fedha kama za kisima. Mara nyingi inaweza kuchorwa ndani ya mradi wa barabara uliokwisha kupata fedha, iwapo mtu atakumbuka kuichora.

Afisa alipojibu, akaongeza jambo jingine lililolipoza baraza. Barabara iliyotajwa haiko mikononi mwa kaunti. Tangu Sheria ya Barabara ya 2007, barabara zimegawanywa kwa mamlaka tatu za serikali kuu: barabara kuu za kitaifa ni za KeNHA, za mijini zilizo chini ya serikali kuu ni za KURA, za vijijini ni za KeRRA, na kaunti ikaja baadaye kupewa zake. Mtoto anayevuka hajui mipaka hiyo. Anavuka lami moja. Ila ombi la matuta linapaswa kuandikwa, kutumwa Machakos au Nairobi, na kusubiriwa. Kijana wa bodaboda akauliza kwa sauti: kama mwenye barabara hayuko hapa, tunamwambia nani? Watu wakacheka, ingawa swali lake halikuwa la mzaha. Baraza lenye maana kuhusu mtaa linahitaji wote wenye mamlaka juu ya mtaa huo waketi meza moja siku moja, na hilo ni nadra.

Ubishi wenyewe, ule wa kuinua sauti, ulikuwa kuhusu ukingo wa barabara sokoni. Mfanyabiashara wa nguo alisema njia ya miguu ikijengwa mbele ya duka lake, wateja wenye magari hawatasimama. Muuza nyanya alisema yeye yuko tayari njia ijengwe, mradi asiondolewe, kwa kuwa wanaonunua kwake ni wapita njia. Kijana wa bodaboda alitaka kibanda cha kivuli steji. Nilipopita sokoni baadaye nikaona kila mmoja alikuwa na haki yake: juu ya kabro iliyokusudiwa watembeaji pamepangwa nyanya, viatu vya mtumba na pikipiki, na watembeaji wamerudi barabarani. Ukijenga njia ya miguu bila kumpa muuza nyanya pa kukaa, umemjengea muuza nyanya meza. Na hilo ungelijua mapema kama ungemwuliza kabla ya kuchora.

Nilimfuata yule mwalimu mstaafu hadi kwenye kibanda cha chai. Amewahi kuwa katika kamati ya kusimamia mradi, ile inayochaguliwa na wananchi wa eneo ambalo kazi inafanyika. Makueni kamati hizo zina meno: mwanakandarasi halipwi mpaka kamati itie sahihi kwamba kazi imefanywa kama ilivyokubaliwa. Alinieleza jinsi wanavyokagua kabro. Wanaomba fundi ang'oe tofali moja mahali watakapochagua wao, wanatazama mchanga uliolazwa chini, wanapima kina kwa kijiti, wanamwaga ndoo ya maji kuona yanakimbilia wapi. Wao si wahandisi, alisema, lakini wanajua maji ya mvua ya Novemba hupita wapi, na mhandisi wa kutoka mbali hajui. Nikamwuliza kama mwanakandarasi huwasikiliza. Akasema husikiliza kalamu.

Sijaona maelezo mafupi kuliko hayo kuhusu tofauti ya kuulizwa maoni na kuwa na mamlaka. Katika sehemu nyingi za Kenya, baraza la maoni huitishwa wakati mchoro umekamilika na tenda iko njiani. Mwananchi ni kama mgeni aliyealikwa karamuni baada ya vyombo kuoshwa. Anasema, anaandikwa, anapigwa picha, anarudi nyumbani. Kinachoipa Makueni jina ni hicho kinachofuata baada ya baraza: kamati inayorudi kiwanjani na sahihi inayoweza kukataa.

Bustani ya Wote, ambayo watu wanaiita Green Park, ilitoka katika mfuko mwingine. Ilijengwa kwa fedha za mpango wa kusaidia miji unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao ulizigusa kaunti 45 kati ya 47, Nairobi na Mombasa zikiachwa nje. Fedha hizo zilikuwa za miji pekee, na kaunti ilizipata kwa kutimiza masharti, likiwamo la kuwa na mji wenye hati ya manispaa na bodi ya kuuendesha. Ndiyo sababu bustani ilipatikana. Ingewekwa katika orodha ile ya chini ya miembe, pamoja na kisima na zahanati, isingejengwa hata leo. Jioni niliyokaa pale wanafunzi wa chuo walikuwa wakisoma kwa sauti ya chini, watoto wanakimbizana, wanandoa wanapigwa picha na mpiga picha wa kukodi, na mlinzi anamkumbusha mtu asikanyage nyasi. Bustani ina watu. Wanaofika kwa miguu kutoka mitaa ya nje, hata hivyo, wanaifikia kwa kupitia changarawe ileile ya asubuhi. Meza mbili zimezungumza bila kusikilizana: mfuko wa mji ulijenga mahali pa kupumzika, na mfuko wa wadi haukujenga njia ya kufika.

Kutoka Wote niliteremka Kathonzweni hadi Makindu, nikashika Barabara ya Mombasa mpaka Kibwezi, kisha nikakunja kuelekea kaskazini. Hii ndiyo barabara mpya ya Kibwezi, Mutomo na Kitui hadi Migwani, kilomita 192 za lami mahali ambapo zamani safari ilikuwa vumbi na mawe. Mibuyu inasimama mbalimbali, Mto Athi unavukwa, Makueni inabaki nyuma na Kitui inaanza. Baada ya Ikutha punda waliobebeshwa mitungi wanavuka bila haraka, na dereva wa matatu anapiga honi tangu mbali. Lami imekata safari ya siku nzima ikawa ya saa chache. Pia imeleta mwendo kasi katika masoko madogo ambayo hayakuwa yameuzoea, na katika masoko hayo nilisikia ombi lilelile la mama wa Wote: matuta, na mahali pa kuvukia.

Ombi hilo si dogo. Katika miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikizika zaidi ya watu 4,000 kila mwaka kwa ajali za barabarani, na kundi kubwa kuliko yote kati yao ni watembea kwa miguu.

Kitui ni kaunti ya aina nyingine kwa ukubwa tu. Makueni ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,000. Kitui ina zaidi ya 30,000, hata kama sehemu yake imo ndani ya Tsavo Mashariki. Sensa ya 2019 iliwahesabu watu 987,653 Makueni na 1,136,187 Kitui. Yaani watu hawajapishana sana, lakini eneo la Kitui ni karibu mara nne. Kaunti imegawanywa katika kaunti ndogo 8, wadi 40 na vijiji vya kiutawala 247, kila kijiji kikiwa na msimamizi wake. Gawanya eneo lote mwenyewe, sehemu ya Tsavo ikiwamo: kijiji kimoja cha Kitui kwa wastani ni zaidi ya kilomita za mraba 120. Baraza la kijiji likiitwa, kuna mtu atakayetembea nusu siku kulifikia na nusu nyingine kurudi.

Mzee mmoja niliyepanda naye matatu kutoka Mutomo alinihesabia gharama ya kutoa maoni. Nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, chakula cha mchana, na ng'ombe walioachwa na mtoto ambaye angekuwa shuleni. Kwa hiyo, alisema, wanaokuja barazani ni wale waliokaa karibu na barabara, na wakiulizwa wanataka nini, wanataka barabara yao itengenezwe zaidi. Walio ndani porini hubaki ndani. Mimi niliyekuja kuuliza kama watembeaji wanasikilizwa, nilipata jibu nisilolitafuta: wanaotembea mbali kuliko wote hawafiki mahali pa kuulizwa.

Mji wa Kitui wenyewe umekaa juu ya miinuko, na barabara zake zinapanda na kushuka hadi Kalundu, penye soko na bwawa. Hapo pia, kwa fedha za mpango uleule wa miji, pametengenezwa bustani kando ya bwawa, mahali ambapo mtu wa mji anaweza kutembea akitazama maji. Kwa watu waliozoea kuyaona maji ndani ya mtungi, kuyatazama kwa starehe ni anasa ya haki kabisa. Mama anayeuza mahindi ya kuchoma karibu na hapo alisema biashara huwa nzuri mwisho wa wiki. Nilipomwuliza kama aliwahi kuulizwa kuhusu mji ubadilishwe vipi, alisema aliwahi kuitwa mkutanoni, akasema alichotaka kusema, na mpaka leo anasubiri mtu arudi amwambie kilichokubaliwa na kilichokataliwa. Hakulalamika. Alisema tu angependa kujua.

Neno la namna hiyo nimelisikia kila mahali, na ndilo kubwa kuliko yote. Watu hawatarajii kila ombi litimizwe. Wanatarajia jibu. Orodha ya maombi ikibandikwa ukutani kwa chifu, kila moja na neno lake mbele, limekubaliwa, limekataliwa kwa sababu hii, limepelekwa KeNHA tarehe fulani, baraza linalofuata litajaa. Isipobandikwa, watakaokuja mara ya pili ni wale wanaofuata nauli na soda.

Wakamba hawakungoja katiba ya 2010 ili wadai kusikilizwa. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya ng'ombe kwa madai ya kupunguza mifugo, Samuel Muindi Mbingu aliongoza umati wa watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakaenda Nairobi kwa miguu, wakakaa huko kwa wiki kadhaa wakitaka kumwona gavana. Mbingu alihamishiwa Lamu kwa adhabu, lakini serikali ililegeza amri yake. Leo jina lake liko kwenye mtaa katikati ya Nairobi, na watu wanaupita kwa miguu kila siku bila kujua kwamba aliupata kwa kutembea.

Siku hizi si lazima kwenda Nairobi. Mahakama imeweka sheria mkononi mwa mwananchi. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 katika kesi ya Robert Gakuru, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Miaka kumi baadaye, Julai 2024, Mahakama ya Rufaa iliiangusha Sheria ya Fedha ya 2023 ya nchi nzima, swali la kushirikishwa likiwa katikati ya kesi; Oktoba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikairejesha. Mabishano hayo yanaonyesha kwamba kipimo cha kushirikishwa bado kinatafutwa. Lakini hakuna mahakama kati ya hizo iliyosema kushirikishwa kunaweza kuachwa.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Porto Alegre, Brazil, walianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi wapange sehemu ya bajeti ya mji, na miji mingi duniani ikawafuata. Makueni haikuhitaji kunakili kila kitu. Ilichukua baraza ambalo watu walikuwa nalo, ikaliongezea ngazi, kisha ikaipa kamati kalamu.

Hukumu yangu ni hii. Kaunti hizi mbili zina mabaraza ya kutosha. Kinachopungua ni mambo mawili. La kwanza ni mtembeaji kuwekwa ndani ya kila mradi wa barabara tangu mchoro wa kwanza, asishindanishwe na kisima. La pili ni majibu yanayorudi kwa watu kwa maandishi. Kitui, kwa ukubwa wake, inahitaji na la tatu: baraza limfuate mtu wa mbali, si yeye alifuate.

Na wewe msomaji, popote ulipo Kenya, kalenda ya kaunti yako inajulikana kisheria. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bungeni kabla ya Septemba 1, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya Februari 28, makadirio ya bajeti kabla ya Aprili 30. Mikutano ya maoni huitishwa kabla ya tarehe hizo. Nenda. Ukifika, omba njia ya miguu, kisha uliza ni nani atakayetia sahihi kazi itakapokwisha. Kama hakuna jina la jirani yako katika jibu hilo, usikae chini mpaka liwekwe.